Chupa ya Tatu ya Wamaza

Fundi Amuri,

Chupa zako zote ni nzima isipokuwa moja, na hiyo niliivunja mimi, siku ya tatu baada ya kukuzika. Naanza na habari mbaya ili hizi zinazofuata zikukute umekwisha kukasirika.

Arobaini yako imesomwa. Mke wako Mama Asha alipika wali na mbuzi, watu wa msikiti walijaa uani, na sisi Wakristo wa hospitali tulikaa upande wa vyungu kama kawaida yetu. Mmoja wa wazee waliokuosha alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ansele, huyu mwenzako alikuwa na ugonjwa gani wa vidole?" Walisugua, Fundi. Walisugua kwa sabuni, wakasugua kwa majani, weusi haukutoka. Nikamweleza kwamba si ugonjwa, ni ile dawa ya fedha tunayopimia chumvi ya maji. Ikigusa ngozi inaacha doa jeusi, na wewe uliishika tangu kabla ya vita vya wazungu kwisha. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Nadhani alielewa kwamba ulikuwa tajiri. Sikumsahihisha, ilikuwa siku yako.

Kwenye karatasi za hospitali mimi bado ni mwosha chupa. Kwenye karatasi hata wewe hukuwahi kuwa mpima maji. Uliandikwa msaidizi, na muzungu uliyekuwa unamsaidia alikuwa safarini miaka yote. Lakini chemchemi na visima, kuanzia hapa Kasongo mpaka Kabambare, vilipita juu ya ile meza yako ya saruji katika chumba cha nyuma, chini ya picha ya mfalme, na watu wa vijiji walikunywa au waliacha kunywa kwa mstari uliouandika wewe kitabuni.

Mimi nilijifunza kwa kuiba. Mikono iko kwenye beseni, macho yangu yapo kwako. Niliona unavyotia matone ya dawa ya njano katika maji, kisha unafungua ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari, dawa ya fedha inadondoka tone kwa tone mpaka maji yanageuka rangi ya tofali. Unafunga, unainama, unasoma mstari. Mistari mingi, chumvi nyingi. Ukiwa peke yako ulihesabu kwa Kibangubangu. Munganga wa hospitali akiingia, ulihesabu kwa Kifaransa. Siku ulipoanza kuhesabu kwa Kiswahili nilijua umeniona, na kwamba umeamua kuiweka kazi mahali ambapo mwizi anaifikia. Siku nyingine ulinishika shingo bila neno, ukaniinamisha mpaka jicho langu likawa sawa na mstari wa maji. "Ukisoma umesimama," ukasema, "unasoma urefu wako, hausome maji."

Na ile chupa ya mutego. Bado inanichekesha mpaka nashika meza. Katika kila fungu la chupa uliingiza moja uliyoijaza mwenyewe maji ya mvuke, yale tunayochemsha na kuyakamata wenyewe, maji matupu yasiyo na kitu. Ukaibandika jina la kijiji ambacho hakiko duniani, ukaichanganya na wenzake. Aliyepima akiona kitu katika maji matupu, fungu zima linakataliwa na linarudiwa, hata awe nani. Yule munganga mrefu alipotaka kupima mwenyewe siku moja, alikuta uchafu katika chupa ya "Kwa Bibi Tupu", akaandika barua kwamba sultani wa Bibi Tupu aitwe kujieleza. Polisi wawili walimtafuta siku tisa. Wewe ulifunga kitabu, ukaniambia kama mtu anayeagiza chai: "Ansele, osha vyombo vyote upya. Vya munganga, osha mara mbili."

Sasa nikueleze kilichotokea, maana kilikuhusu na hukuwako kujitetea.

Mwezi uliofuata kifo chako alikuja muzungu mpya wa usafi. Watu wamempa jina Bwana Chokaa, kwa sababu kila anachokikuta kimesimama anakipaka chokaa: miti, mawe, vyoo, na mbuzi akichelewa kukimbia. Si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka. Akachukua meza yako, akasema atapima mwenyewe mpaka apatikane msaidizi mwingine. Hakuuliza kama yuko mmoja anayeosha chupa nyuma yake.

Zikaja chupa kutoka upande wa Wamaza. Moja ilikuwa ya chemchemi ya kijiji anachokisimamia Kapita Rajabu. Utaikumbuka, ile ya bondeni uliyoiendea mwenyewe kwa baiskeli mwaka juzi, ukarudi umepungua, ukaandika chumvi mistari miwili, maji mema. Bwana Chokaa akapima. Mistari ishirini na mitatu. Akarudia, ishirini na mitatu. Unajua wanavyosoma watu wa usafi: chumvi ikipanda ghafla katika chemchemi, maana yake vyoo vya watu vimeifikia. Akafungua kitabu kwenye ukurasa wa chemchemi ile, akaona mistari yako miwili, akacheka kwa pua. Akanigeukia mimi niliyesimama na kitambaa mkononi. "Huyu Amuri wenu hakupima," akasema. "Alikuwa anatoa namba mu kichwa."

Kisha akaandika barua mbili. Chemchemi izibwe kwa mawe. Kijiji cha Rajabu kihamie barabarani, kwenye kisima cha Leta, yaani serikali, kabla ya mavuno ya pamba. Nyumba, mashamba ya muhogo, michikichi, makaburi, vyote vibaki nyuma.

Kufika siku ya soko, Kasongo nzima ilikuwa inajua kwamba Fundi Amuri alikuwa mtungaji. Wauza samaki walikuwa wanahesabu mafungu yao na kusema, "Hii ni hesabu ya Amuri," halafu wanacheka. Mama Asha alikuja mpaka mlangoni pa chumba chetu. Hakuingia. Alikuwa amejifunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Ni kweli?"

Nikasema si kweli.

Akaniangalia. "Unajua, ao unasema?"

Fundi, niliona aibu. Nilikuwa nasema tu. Sikuwa najua.

Basi nikafanya kama ulivyokuwa unafanya: sikuanza na watu, nilianza na vyombo. Bwana Chokaa alipokwenda kula, nilipima maji yetu ya mvuke. Tone moja, rangi ikageuka. Matupu. Nikapima yale maji ya chumvi uliyoyatengeneza mwenyewe, ambayo kiasi chake tunakijua tangu awali. Yakatoka pale pale. Nikapima mabaki ya chupa ya Rajabu, jicho sawa na mstari. Ishirini na mitatu. Kwa hiyo muzungu hakukosea, dawa haikukosea, na chumvi ilikuwamo kweli ndani ya chupa. Hapo ndipo nilipoogopa. Yalibaki mambo mawili: ama wewe ulikosea, ama kitu kimeingia njiani kati ya chemchemi na chupa. Nikaamua kuanza na njia. Ungenigombeza kwamba mpimaji hachagui. Nilichagua.

Nikamwomba Bwana Chokaa ruhusa niende kuchota upya. Akauliza mimi ni nani. Nikamjibu mimi ni mwosha chupa, na kama chupa ilikwenda chafu, kosa ni langu, nataka kulijua. Hilo lilimpendeza sana. Ukiwaomba wazungu sifa hawana, lakini lawama wanakukatia kipande kikubwa papo hapo.

Nikapanga pia na Masera, yule mtawa wa chumba cha dawa. Chupa zitarudi na namba tu. Karatasi inayosema ipi ni ipi itakuwa katika bahasha mkononi mwake, na Bwana Chokaa atapima mwenyewe kabla haijafunguliwa. Masera alinitazama juu ya miwani. "Ansele, unamutegea muzungu?"

"Hapana, Masera. Namupunguzia mawazo."

Mke wangu aliponiona nafunga chupa kwenye baiskeli, moja tayari imejaa maji ya mvuke, akauliza kama watu wa Wamaza wameishiwa maji mpaka tuwapelekee.

Nilipata kamio, lori la pamba, mpaka Wamaza. Kutoka pale nilipanda baiskeli, na penye mchanga baiskeli ikanipanda mimi. Nilipofika kwa Rajabu, wanaume walikuwa wameanza kung'oa milango. Milango, Fundi, udongo utaupata popote, mbao nzuri hazipatikani. Rajabu mwenyewe alikuwa amekaa juu ya mlango wake uliolala chini. "Umekuja kutuhesabu ao kutuzika?" akaniuliza, na hakusogea kunipa nafasi.

Nikauliza nani aliijaza chupa ya Leta.

Mke wake, Mama Zaina, akajitokeza kifua mbele. "Ni mimi." Nikamwomba anionyeshe alivyofanya, hatua kwa hatua, bila kuruka. Akachukua kibuyu, tukashuka bondeni, akachota. Mpaka hapo sawa. Tukapanda tena mpaka jikoni kwake. Akamimina maji katika mtungi mkubwa ulioegemea ukuta, akafunika, akaniambia, "Sasa tunakaa."

"Tunakaa kwa nini, Mama?"

"Maji itulie. Ile iko maji ya mugeni. Nitamupa Leta maji iko na majani mundani? Aseme kwa Rajabu hakuna bibi?"

Nikautazama ule mtungi. Ukingo wake ulikuwa mweupe kama mdomo wa mtoto aliyekula unga. Nikauliza huwa anautumia kwa kazi gani. Akasema kwa fahari kwamba huo ndio mtungi wake mkubwa, mama yake alimwachia: ndani yake anachujia majivu ya majani ya mtoni, anatengeneza chumvi, kijiji kizima kinakula. Ila kwa ajili ya Leta aliusuuza. Kibuyu kimoja kizima.

Niliugusa ukingo kwa ulimi. Nilikaribia kuomba sombe ya majani ya muhogo nile nayo.

Nilimweleza polepole, kwa maneno madogo madogo, na alipoelewa akakaa chini palepale penye majivu. "Basi ningetuma chafu?" akasema.

"Ungetuma vile iko, Mama."

"Hiyo ni kumutukana mutu."

 Wewe labda ungejua la kumwambia. Mimi niliona tu kwamba mwanamke huyu alikuwa karibu kuhamisha makaburi ya wazee wake kwa sababu ya adabu, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia Leta anaomba maji ili afanyie nini. Tulimpelekea chupa kama tunavyopeleka amri.

Nikachota. Chupa ya kwanza, chemchemi yenyewe, nikaisuuza mara tatu kwa maji yale yale kabla ya kujaza, kama ulivyonizoeza. Ya pili, maji ya mtungi wa Mama Zaina. Ya tatu ni ile ya maji ya mvuke niliyotoka nayo Kasongo: niliifungua pale chemchemini, nikaiacha wazi muda ule ule wa wenzake, nikaifunga. Hiyo ilikuwa shahidi wa mikono yangu. Ikirudi tupu, nimechota vizuri. Ikirudi na kitu, kitu hicho nimekitia mimi.

Siku ya kupima, Masera alikaa kwenye kiti na bahasha magotini kama anangoja padri. Bwana Chokaa akakunja mikono ya shati. Namba moja: mistari miwili. Namba mbili: ishirini na minne. Namba tatu: mstari mmoja. Bahasha ikafunguliwa. Alisoma, akatazama mrija, akakitazama kitabu, mistari miwili yako na mistari miwili yake, mkono wake mwenyewe uliofungua mrija. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Bon," akasema. "Ni mutungi." Akaahidi barua za kuhamisha kijiji zitafutwa siku ile ile, na kwa kweli alizifuta. Akatoa kalamu ili atie sahihi kwenye mstari wako.

Hapo, Fundi, nilitamani nisingekutana na wewe maishani.

Namba tatu. Alikuwa hajaitazama mara ya pili. Tone moja ndilo lilipaswa kuigeuza rangi, ikachukua mstari mzima. Nami nilijua ilitoka wapi. Pale Wamaza, wakati wa kurudi, nilinunua karanga zilizokaangwa na chumvi, nikala nikitembea, nikaupangusa mkono kwenye suruali, na kwa mkono ule ule nikavibana upya vizibo. Kijiji kilikuwa kimepona kwa vyovyote. Chumvi ya mkono wangu inaongeza, haipunguzi, na hata hivyo chemchemi ilikuwa njema. Lakini wewe ulikuwa hujapona. Kama karanga zangu zilitia mstari mmoja katika chupa tupu, huenda zilitia mmoja katika chupa ya chemchemi. Basi chemchemi ina mmoja, si miwili, na mistari yako ulikuwa umeitoa kichwani kama alivyosema.

Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi. Ningenyamaza, ungekuwa mtu safi Kasongo nzima.

"Bwana," nikasema, "fungu hili limekataliwa."

Hakuelewa. Nikamwonyesha namba tatu, nikamwambia habari ya karanga. Masera akajifunika mdomo kwa ile bahasha. Bwana Chokaa akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa anayekataa kuondoka hospitali. "Lakini umeshinda," akasema. "Unataka nini tena?"

Nikasema nataka kurudi.

Safari ya pili sikula kitu njiani. Vizibo nilivifunga katika kitambaa nilichokichemsha, mikono nikaiosha kwa maji ya mvuke niliyoyabeba katika chupa ya nne, na watu waliokutana nami njiani wakidhani naosha mikono ili nisali walisubiri kwa adabu. Kwa Rajabu milango ilikuwa imerudi mahali pake. Alinikuta chemchemini. "Wewe tena? Si tumekwisha kupona?"

"Ninyi mumepona," nikamwambia. "Kuna mugonjwa mwingine."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko zote nilizopita. Kila kilima nilikuwa nahesabu: ikitoka mstari mmoja nitamwambiaje Mama Asha. Nilikuwa na maneno tayari, mabaya yote.

Chupa ya maji ya mvuke: tone moja. Chemchemi ya kwa Rajabu: mistari miwili.

Bwana Chokaa alirudia mwenyewe bila kuombwa. Miwili. Hakuomba radhi, sijui kama kwao huwa wanamwomba radhi marehemu. Alitia sahihi yake kando ya namba yako na akaandika neno moja, kwamba imehakikishwa. Kisha akageuza kitabu upande wangu, akanipa kalamu yake, akanionyesha mahali pa jina la mpimaji. Tangu siku hiyo napima, yeye anapaka chokaa, na kila mmoja ana furaha.

Nilitaka kuandika mafungu yote mawili. Akasema la kwanza niliache, halina faida, ukurasa utakuwa mchafu. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule ya mapadri, miaka miwili tu lakini unasomeka: "Chupa ya tatu ina chumvi. Sababu: mkono wa mchotaji, karanga. Fungu limekataliwa. Anselemi." Ndivyo jina langu lilivyoingia kitabuni mara ya kwanza. Mstari unaofuata ndio mzuri.

Jana Mama Asha alikuja, na safari hii aliingia. Aliniomba nimwekee kidole chake juu ya namba yako. Nikakiweka.  Kisha akakishusha kidogo akauliza huu mstari mwingine mrefu unasema nini. Nikamsomea habari ya karanga, neno kwa neno, kichwa nimeinamisha. Akacheka mpaka kitenge kikamshuka mabegani.

"Huo," akasema, "ndio angeufurahia."

Pumzika, Fundi wangu. Atakayekalia meza hii baada yangu atakuta ukurasa ule mahali pake, na mstari wa karanga hakuna atakayeupaka wino nikiwa hai.

Mimi wako,
Anselemi, mwosha chupa